Mkristo aliyejaa hasira na watawala aende nayo wapi? Uzi kuhusu Askofu Festo Kivengere na Idi Amin

Mwana wa Ziwa (mleta uzi)

Wadau, salaam.

Tangu Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu wetu wa Tanzania ulioishia kwenye damu, nimesikia mahubiri mengi ya amani, na karibu yote yanaishia kwenye maneno yaleyale: tusamehe, tusonge mbele. Vijana wa mabenchi ya nyuma wanainamisha vichwa, wengine wananyanyuka na kutoka. Mungu wanamjua vizuri tu. Kinachowatoa nje ni kuambiwa wasamehe jambo ambalo mhubiri mwenyewe anaogopa kulitaja kwa jina.

Upande wa pili wapo waliokwisha kata shauri kwamba imani ni dawa ya usingizi, wakaachana nayo wakabaki na hasira peke yake. Hao nao nawaelewa, na nimezika nao.

Msimamo wangu ni huu, na nauleta tuujadili: hasira ya mtu aliyeona damu ikimwagwa haina dhambi ndani yake. Paulo anaandika wazi kwenye Waefeso 4:26, "Mwe na hasira, ila msitende dhambi." Swali ni unaipeleka kwa nani. Ipelekwe kwa Mungu bila kuremba, ipelekwe kwa mtawala mwenyewe kwa maneno yaliyotiwa saini, lakini isipelekwe kwa jirani. Nimeyajifunza haya kwa Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, Uganda. Wazee wa Dodoma wanamkumbuka kama mwalimu aliyefundisha huko miaka ya 1940 na 1950, na Billy Graham alipokuja kuhubiri Moshi mwaka 1960, Kivengere ndiye aliyemtafsiria kwa Kiswahili. Kwa hiyo ni mtu wetu.

Naomba mnivumilie, stori ni ndefu kidogo.

Idi Amin alichukua nchi Januari 1971. Miaka miwili baadaye, Februari 1973, watu walipigwa risasi hadharani katika miji kadhaa ya Uganda ili wananchi waone na waogope. Kabale walikuwa watatu, na uwanja ulijaa watu walioletwa kutazama. Kivengere, askofu mpya kabisa wakati huo, aliomba ruhusa ya kuzungumza nao kabla ya kuuawa. Aliwafuata kwa nyuma akiwa hajui aanzie wapi. Wakageuka, na nyuso zao zikamshangaza. Mmoja akamshukuru kwa kuja, akamweleza kwamba amempokea Yesu akiwa mahabusu, na akaomba mkewe na watoto wapelekewe habari hiyo. Askofu alikuja kutoa faraja, akajikuta ndiye anayepewa. Lakini hakuishia kulia. Alikwenda kumwona Amin ana kwa ana, akamwambia kwamba uhai wa mtu haupaswi kuondolewa namna ile.

Nataka mliangalie hilo kwa makini. Alifanya hivyo akiwa na jina lake na cheo chake, mbele ya mtu ambaye angeweza kumpoteza usiku uleule.

Sasa 1977. Askofu Mkuu Janani Luwum alikuwa anaongoza jimbo la Kanisa la Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire. Usiku wa kuamkia Februari 5 askari walivunja na kuingia nyumbani kwake wakidai wanatafuta silaha. Nyumba ya Askofu wa Bukedi nayo ilipekuliwa. Maaskofu wakakutana, wakamwandikia Amin barua na kuitia saini. Ndani yake walisema kwamba bunduki ambayo mtutu wake ulikandamizwa kwenye tumbo la Askofu Mkuu ni bunduki iliyoelekezwa kwa kila Mkristo. Walilalamikia watu kupotea, na walilalamikia askari kujiona wako juu ya sheria. Walitumia lugha ya heshima, na hakuna neno la kweli walilolipunguza.

Februari 16 waliitwa Kampala, mbele ya umati wa askari na maofisa. Silaha zilipangwa uwanjani kana kwamba ni ushahidi. Umati ukapiga kelele wauawe. Maaskofu wengine waliruhusiwa kuondoka, Luwum akabakizwa. Kesho yake redio ikatangaza kwamba amekufa kwa ajali ya gari pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi. Hakuna aliyeamini.

Kivengere aliambiwa yeye ndiye anayefuata. Akaondoka usiku na mkewe Mera, kwanza kwa gari, kisha kwa miguu milimani, hadi wakavuka mpaka kuingia Rwanda.

Naendelea chini.

Mwana wa Ziwa

Sehemu hii ndiyo iliyonifanya niandike.

Akiwa uhamishoni Kivengere aligundua kwamba anamchukia Amin. Kila habari ya mtu mwingine aliyeuawa ilimwongezea uchungu. Alikuwa muhubiri mkubwa, mtoto wa ule Uamsho wa Afrika Mashariki, watu wa kuungama na kuimba "Tukutendereza", na bado moyo ulikuwa umekauka. Maombi hayakupanda.

Ijumaa Kuu ya mwaka huohuo alikuwa London, kwenye ibada katika kanisa la All Souls. Yakasomwa maneno ya Luka 23:34: "Baba, uwasamehe, kwa kuwa hawajui watendalo." Alisimulia baadaye kwamba yalimpata kama swali: kama Yesu aliwaombea waliokuwa wanampigilia misumari, yeye Festo anamnyima Amin kitu gani na kwa haki ipi? Akatubu chuki yake. Mwaka uleule akatoa kitabu kidogo chenye jina lililowaudhi wengi, I Love Idi Amin.

Wengi wanaosikia jina la kitabu wanadhani ni la mtu aliyesalimu amri. Ndani yake anasimulia mauaji yaleyale, anamtaja muuaji kwa jina, na alizunguka Ulaya na Marekani akiwaeleza watu kinachoendelea Uganda. Alisamehe huku anashuhudia. Kwetu mambo haya mawili tumeyatenganisha: anayesamehe anatakiwa afunge mdomo, na anayesema ukweli anaitwa mwenye chuki. Mgawanyo huo haukutoka kwa Kristo. Alipopigwa kofi mbele ya Kuhani Mkuu hakukaa kimya, aliuliza: "Kama nimesema vibaya, ushuhudie ule ubaya, bali kama nimesema vema, wanipigia nini?" Yohana 18:23. Siku hiyohiyo aliwaombea msamaha.

Kijana wa Igoma

Mkuu, heshima kwako, stori nzuri. Ila tuseme ukweli. Kivengere alikimbia. Amin hakuondoka kwa sababu ya upendo, aliondolewa na JWTZ, jeshi letu la Tanzania. Babu yangu alipigana vita ile. Bila mizinga kuingia Kampala Aprili 1979, huyo askofu angesamehe hadi leo yuko London. Mnatufundisha kusamehe kwa sababu wenye bunduki hawafundishiki.

Mwana wa Ziwa

Mkuu Kijana wa Igoma, hoja nzito na sitaizunguka. Ni kweli Amin aliondolewa kwa vita, na babu yako na wenzake walilipa gharama. Kivengere hakudai popote kwamba msamaha wake ungemng'oa Amin ikulu. Kama mtu anauza msamaha kama mbinu ya kuangusha serikali, usimnunue.

Lakini tazama kilichotokea baada ya Amin kuondoka. Huko Ankole, mwaka uleule 1979, Waislamu waliuawa kwa kisasi, watu ambao kosa lao lilikuwa ni kusali dini moja na Amin. Huko West Nile, alikotoka, raia waliandamwa hadi maelfu wakakimbilia Sudan na Zaire. Ndani ya miaka michache Luwero, kaskazini mwa Kampala, ikawa mafuvu kwa vita vingine. Mtawala aliondoka, chuki ikabaki na kutafuta wa kumlipia. Hasira iliyokosa njia ya kumfikia mwenye kosa inamshukia aliye karibu, na aliye karibu mara nyingi ni fukara mwenzako.

Kivengere alirudi Uganda hiyo. Angerudi na chuki aliyokuwa nayo kabla ya ile Ijumaa Kuu, angekuwa na maneno ya kuwaambia waliokuwa wameshika mapanga, lakini yangekuwa maneno ya kuwachochea. Kuna simulizi kwamba aliwahi kuulizwa: ukipewa bunduki na Amin amekaa mbele yako, utafanya nini? Akajibu angemkabidhi Amin ile bunduki na kumwambia hii ni silaha yako, yangu ni upendo. Sikulazimishi ulikubali jibu hilo. Hata mimi linanipa shida. Ninachokuomba ni utofautishe kati ya kudai haki na kutamani damu, kwa sababu zinaanza zikifanana sana.

Bonde la Ufa

Niongeze kitu kutoka huku Kenya. Januari 1, 2008 kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa moto likiwa limejaa akina mama na watoto waliokimbilia humo. Waliochoma na waliochomwa wote walikuwa Wakristo, na walikuwa wanauziana maziwa na mboga. Zaidi ya watu 1,100 walikufa nchini ndani ya wiki chache. Hasira ilikuwa ya matokeo ya kura, na wengi walikuwa na haki ya kukasirika. Lakini waliokuwa Nairobi wakigawana vyeo hakuna aliyeungua.

Kilichoniuma zaidi ni wachungaji. Kila mmoja alikuwa na upande wake na kabila lake. Februari mwaka huo NCCK, baraza la makanisa ya Kenya, ilikiri hadharani kwamba viongozi wa kanisa walikuwa wameegemea pande na kwa hiyo hawakuweza kukemea. Walikiri, nawapongeza, lakini tulikuwa tushazika.

Na tulikuwa na mfano mzuri, si ati hatukujua. Mchungaji Timothy Njoya alihubiri siku ya mwaka mpya 1990 akisema mfumo wa chama kimoja ulioanguka Ulaya Mashariki utaanguka na hapa. Julai 7, 1997 polisi waliingia All Saints Cathedral, Nairobi, wakampiga humo humo ndani ya kanisa. Askofu David Gitari alivamiwa usiku nyumbani kwake mwaka 1989, akapanda juu ya paa kujiokoa. Hawa walikasirika, wakasema na serikali moja kwa moja, na hakuna jirani aliyechomewa nyumba kwa sababu ya mahubiri yao.

Mwana wa Ziwa

Asante sana ndugu yangu Bonde la Ufa. Sentensi yako ya mwisho ningetamani ibandikwe kwenye milango ya makanisa yetu.

Mama Jumuiya

Shikamooni wakubwa, wadogo zangu marahaba. Mimi ni mzee wa kanisa na nina swali la kweli. Warumi 13 inasema kila mtu aitii mamlaka iliyo kuu. Tukianza kuwafundisha vijana kuwaandikia watawala barua za lawama, hatuwafundishi uasi? Na pili, hao vijana tunaishi nao vipi kwenye jumuiya? Kwangu wamegawanyika, wenye kadi ya chama wanakaa upande huu, wengine kule.

Mwana wa Ziwa

Shikamoo mama.

Warumi 13 iliandikwa na mtu aliyejua kudai haki yake. Soma Matendo 16. Paulo na Sila wamepigwa bakora hadharani Filipi bila hukumu, wakatupwa gerezani. Asubuhi mahakimu wakatuma ujumbe waachiliwe kimyakimya. Paulo akakataa. Akasema wametupiga mbele ya watu wote bila kutuhukumu, nasi ni Warumi, na sasa wanataka kututoa kwa siri? "Na waje wenyewe." Na wakaja, wakawasihi. Huyo ndiye aliyeandika habari ya kutii mamlaka. Kutii kwake hakukuwa na maana ya kukubali uongo kuhusu alichofanyiwa. Na barua ya akina Luwum ilikuwa ya raia watiifu: walimwandikia rais wa nchi, hawakukimbilia msituni.

Kuhusu jumuiya, nikueleze tuliyoyaona kwetu, mtaani kwetu Mwanza. Wiki chache baada ya uchaguzi tulikuwa tumekaa sebuleni kwa jirani, tunafunga kwa Baba Yetu. Tulipofika "utusamehe makosa yetu," kijana mmoja fundi pikipiki akanyamaza. Midomo ilifungwa kabisa, macho wazi, anatazama sakafu. Rafiki yake hakuwa amerudi nyumbani tangu siku ile. Mbele yake amekaa mzee ambaye ni balozi wa nyumba kumi wa chama, na yeye aliona.

Mwinjilisti wetu angeweza kumkemea. Badala yake alifungua Zaburi ya 109 akaisoma yote, pale penye "siku zake na ziwe chache, usimamizi wake na autwae mtu mwingine," hadi penye wana kuwa yatima. Sebule ilikuwa kimya kabisa. Akamwambia yule kijana: haya yako kwenye Biblia, unaruhusiwa kumwambia Mungu hata haya, ila ukimaliza umwachie yeye. Kijana akaomba, kwa sauti, maneno makali ambayo sitayaandika hapa. Hakuna aliyemkatiza. Balozi alikuwa analia.

Sisemi walikumbatiana, maana hawakukumbatiana. Wiki iliyofuata wote wawili walirudi, wakakaa sebule ileile. Kijana bado anaruka ile sentensi ya Baba Yetu. Tumemwacha. Mtu anayekataa kusema uongo mbele za Mungu yuko karibu na Mungu kuliko anayesema sala yote bila kuisikia.

Kwa hiyo mama, ushauri wangu kwa jumuiya yako: msianze na upatanisho. Anzeni na Zaburi za maombolezo, ya 10, ya 13, ya 94, na hiyo ya 109 kama mna ujasiri. Tajeni waliokufa kwa majina, wa pande zote, na askari kama wapo. Halafu mwulizane ni malalamiko gani mnaweza kuyaandika na kuyasaini wenyewe, mkayapeleka ofisini yanapostahili kwenda. Hata kama hayatajibiwa. Mtu aliyeandika na kusaini anapungukiwa na hamu ya kumtukana jirani yake usiku kwenye WhatsApp.

Hilo la WhatsApp nalo tulitaje, japo kwa kifupi. Kutazama klipu za maiti mara ishirini kwa siku hakumsaidii marehemu. Kama ni ushahidi, uhifadhi vizuri na umpe mtu wa kuufanyia kazi. Ukishafanya hivyo, acha kuitazama.

Kijana wa Igoma

Mkuu hapo kwenye Zaburi 109 umenigusa. Sikujua iko hivyo, kanisani kwetu haijawahi kusomwa. Bado sikubaliani na wewe kuhusu bunduki, ila nitaisoma leo.

Mwana wa Ziwa

Isome mkuu, na usiisome haraka. Kutokubaliana kwetu kuhusu bunduki tukuache wazi, tutarudi.

Mgeni wa Kimara

Nimesoma uzi wote. Sikutaka kuchangia. Kaka yangu alitoka tarehe 29 asubuhi. Tumezunguka hospitali zote na mochwari zote, hatujampata. Mama anaamini yuko hai. Mchungaji anasema hawezi kufanya ibada kwa sababu hakuna mwili. Mnaongea kusamehe. Nimsamehe nani? Kwa lipi? Hata sijaambiwa kilichotokea.

Mwana wa Ziwa

Ndugu yangu, pole. Sina neno la kukuondolea hili.

Kwanza, hudaiwi msamaha na mtu yeyote leo. Kivengere alijua Luwum ameuawa na alijua nani mwenye dhamana. Wewe umenyimwa hata hilo. Kudai kuambiwa ukweli ni haki yako mbele ya serikali na mbele za Mungu, na mchungaji yeyote anayekuharakisha usamehe kabla hujaambiwa kilichotokea anakuongezea mzigo. Kama huwezi kuomba chochote, ipo Zaburi ya 88. Haina mwisho mwema, inamalizikia gizani, na bado ni sala.

Pili, kuhusu ibada bila mwili. Serikali ya Amin haikutoa mwili wa Luwum kwa mazishi ya Namirembe, kanisa kuu la Kampala. Ulipelekwa moja kwa moja kijijini kwao Mucwini, kaskazini, ndani ya jeneza lililofungwa. Ndugu zake walilifungua wakaona majeraha ya risasi, na ndivyo uongo wa ajali ulivyokufa. Kampala kaburi lilikuwa limechimbwa tayari, karibu na la mfia dini Askofu Hannington, na likabaki tupu. Ibada ya mazishi ikapigwa marufuku. Jumapili Februari 20 watu walikwenda hata hivyo, kwa maelfu, kanisa likajaa hadi nje. Askofu Mkuu mstaafu Erica Sabiti akawasomea maneno ya malaika kaburini, kwamba hayupo hapa, amefufuka. Waliimba, hawakuwa na mwili, hawakuwa na kibali.

Kwa hiyo inawezekana, na imewahi kufanywa na kanisa kubwa kuliko letu katika hali mbaya. Mkiwa tayari wewe na mama, na mama akiwa bado anaamini yuko hai isiitwe mazishi, iitwe ibada ya kumwombea, mwonyeshe mchungaji wako ujumbe huu. Akikataa, nitafute PM. Kimara nina ndugu wawili wachungaji, mmoja wao ameshafanya ibada kama hiyo nyumbani kwa watu, bila kipaza sauti, na familia zenye msiba kama wako zilikuwepo. Nitawauliza kesho asubuhi kama bado wanakutana.